Kabla ya Kumpokea Mgeni, Kawe Mgeni

(Hotuba kwa vijana wanaosomea uongozaji wa watalii, Moshi)

Wakubwa wangu, shikamooni. Wanangu, hamjambo.

Nimeombwa niseme habari za huduma kwa mteja. Naomba niruhusiwe kusema jambo lililo jirani yake, kwa sababu huduma kwa mteja mmefundishwa na walimu wenu, na wameifundisha vizuri. Mnajua kumpa mtu maji kabla hajaomba. Mnajua dalili za ugonjwa wa mwinuko. Mnajua kwamba mgumu, yaani mbeba mizigo wa mlimani, hapaswi kubebeshwa mzigo unaozidi kilo 20. Kitu ambacho wengi wenu bado hamjakipata ni kuwa wageni ninyi wenyewe. Sizungumzii kwenda Dar kwa shangazi. Nazungumzia kushuka katika mji ambao hakuna mtu hata mmoja anayejua ukoo wenu, Kiswahili hakifui dafu, nauli huijui, hujui kilichomo kwenye sahani kinaliwaje, na unamtegemea mtu wa kawaida kabisa, mtu asiyelipwa kukupokea, akuelekeze njia.

Mimi naamini, na nimelishikilia hili kwa miaka, kwamba asiyewahi kukaa katika hali hiyo hawezi kumpokea mgeni sawasawa. Atambebea begi, atamfungulia mlango, atamhesabia hatua hadi kileleni. Lakini hatajua yule mtu anachokitafuta kwa macho anapotazama nje ya dirisha la gari.

Tuutazame kwanza mji wetu. Mgeni anatua uwanja wetu wa ndege, KIA, usiku. Gari la kampuni linamchukua, Bomang'ombe inapita gizani, analala Shanty Town. Alfajiri yuko geti la Machame. Anapanda, siku sita, siku saba, anashuka Mweka, anapewa cheti chake, anaoga, na kesho yake yuko njiani kwenda Tarangire. Akifika kwao anasema amefika Moshi. Mlima ameuona, tena ameuona vizuri kuliko wengi wetu tuliozaliwa chini yake. Moshi ameiona kupitia kioo. Hajaingia soko la Mbuyuni. Hajapanda daladala ya Kiboriloni akabanana na ndoo ya maparachichi. Hajakaa kwenye benchi la mama lishe akaletewa mtori wa moto na pilipili pembeni. Watu wa mji huu aliowajua ni wale waliolipwa kuwa naye tu, na hata hao wengi hakuwajua majina.

Sasa nawauliza: ninyi mkienda mji wa watu, mngependa muujue hivyo?

Kazi yangu mimi ni kutembeza wageni kwa miguu, mjini hapa na huko juu kwenye vihamba, mashamba ya familia, vya Uru na Materuni. Nilipojaliwa kusafiri kwa ajili yangu mwenyewe, ndugu zangu walijua nitakwenda Ulaya. Nilikwenda Addis Ababa. Wengine waliniuliza kuna nini huko. Nikawaambia: ndege ya Ethiopian inatua hapo KIA, wageni wetu wengi wanapitia mji ule ndipo wafike kwetu, na Mtanzania akipita pale anakaa uwanja wa ndege, anatazama ubao wa ratiba, anaondoka. Mji mkuu wa nchi yenye watu zaidi ya milioni 100 tumeufanya mahali pa kubadilishia ndege. Ndiko walikokutana viongozi wa Afrika tarehe 25 Mei 1963 wakaanzisha OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, mwaka ule ule ambao Chuo cha Mweka, chuo cha usimamizi wa wanyamapori, kilifungua milango hapo juu yetu. Makao makuu ya Umoja wa Afrika yako huko, na tangu Februari 2024 sanamu ya Mwalimu Nyerere imesimama katika viwanja vyake. Haya ni ya kujivunia na ni vyema myajue. Lakini leo nataka kuwaambia habari za watu ambao hawana sanamu.

Nianze na mzee mmoja mlinzi. Nyumba niliyofikia ilikuwa na mlinzi wa usiku, mtu mzima, daima amejifunika lile shuka lao zito la pamba nyeupe, kwa sababu Addis iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari na alfajiri ni baridi kali. Jioni moja, kwa Kiingereza cha kuokoteza, alitutangazia kwamba kesho basi la kwenda mjini litaondoka saa tatu. Wageni wawili kutoka Ulaya tuliokaa nao meza moja wakachanganyikiwa: saa tatu usiku wa manane, au mchana? Mimi nilimwelewa papo hapo. Wahabeshi wanahesabu saa kama sisi. Jua likichomoza, saa zinaanza. Saa tatu ni saa tatu ya asubuhi, hakuna mjadala. Nilinyoosha vidole vitatu, nikaonyesha kule jua linakotokea. Mzee akafurahi, akaja kunishika mkono na kunigonga bega kwa bega, ndivyo wanavyosalimiana. Tangu jioni hiyo nilikuwa mtu wake. Kalenda yao ni habari nyingine: miezi kumi na mitatu, mwaka mpya mwezi Septemba, na hesabu ya miaka iko nyuma ya yetu kwa miaka saba au minane. Lakini saa, wanangu, saa ni ile ile ya bibi zetu.

Naomba sasa niende polepole, maana hapa ndipo nilipojifunza zaidi.

Hatua chache kutoka pale nilipolala kulikuwa na mama anayeuza kahawa kando ya barabara. Eneo lake halizidi jukwaa hili nililosimama. Chini ametandaza majani mabichi. Vibao vifupi vya kukalia, jiko la mkaa, vikombe vidogo visivyo na mkono vimepangwa kwenye meza ya chini, na birika la udongo mweusi lenye shingo nyembamba, wenyewe wanaliita jebena. Pembeni chetezo kinafuka ubani. Nilizoea kufika mapema, wakati anafungua, kwa sababu ndipo anapokaanga. Anachukua kahawa mbichi, anaiosha, anaisugua kwa vidole hadi maji yanatoka safi. Anaimwaga kwenye kikaango bapa, anaikaanga kwa moto wa taratibu huku akiitikisa. Ikianza kung'aa kwa mafuta yake yenyewe, anainuka na kikaango mkononi, anapita mbele ya kila mteja, na kila mtu anauvuta ule moshi kwa kiganja kuelekea usoni. Dereva wa teksi, askari aliyetoka zamu, wasichana wa duka la simu, wote wanangoja. Ndipo anatwanga. Ndipo anachemsha. Anamimina kutoka juu, uzi mmoja mwembamba mweusi, kikombe hadi kikombe, hakuna tone linalodondoka mezani.

Hicho ni kikombe cha kwanza, kinaitwa abol. Anaongeza maji kwenye kahawa ile ile, anachemsha tena, kinakuja cha pili, tona. Kisha cha tatu, bereka, na hicho ndicho cha baraka. Nyumbani kwa mtu, kuondoka kabla ya bereka si adabu. Mchana pale barabarani wapo wateja wa haraka wanaokunywa kimoja wakaenda zao. Asubuhi, wale wanaojuana naye hukaa hadi cha tatu, bakuli la bisi katikati, na mazungumzo yote ya mtaa yanapita hapo: nani amefiwa, nani ameolewa, kodi ya nyumba imepanda kiasi gani. Sikuelewa maneno. Lakini nimekulia uchagani, najua sura ya mtu anayepokea habari ya msiba, na najua kicheko cha wanawake wanapomsema mwanamume aliyepita.

Mwanzoni nilikuwa mteja mgeni. Alinipa kikombe, nikampa pesa yake, nikashukuru kwa lile neno lao refu, ameseginalehu, nikaondoka. Nilirudi. Nikarudi tena. Asubuhi moja alivuta kinu akakiweka mbele yangu, akanikabidhi mchi. Hakusema kitu. Mnajua methali yetu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wengi wanaichukulia kama kumchoka mgeni. Mimi pale, na mchi mkononi, nilijua kwa mwili wangu kwamba ni heshima kubwa kuliko zote. Nilitwanga. Wale wateja wakashangilia, askari akasogea kunipisha nafasi nzuri ya kukaa, na kuanzia hapo nilipofika asubuhi hakuna aliyenitazama mara mbili. Nilikuwa mmoja wa wanaongoja kahawa.

Binti yake alikuwa anasoma sekondari na anajua Kiingereza, akawa anatufasiria. Mama akaniuliza kwetu tunalima nini. Nikamweleza kwamba tunalima hiyo hiyo anayoitwanga: arabika, ambayo asili yake ni misitu ya kwao. Nikamweleza kwamba wamisionari waliipanda Kilema mwishoni mwa karne ya 19, kwamba Wachagga waliishika wenyewe wakaunda umoja wao wa wakulima mwaka 1925, kisha KNCU, chama kikuu cha ushirika, mwaka 1933, kwamba kahawa ndiyo iliyojenga shule zetu na kulipa ada ya baba yangu na yangu. Akasikiliza yote. Akauliza, nyumbani kwenu mnaikaanga namna gani? Nikamwambia nyumbani tulikunywa chai. Tuliichuma, tuliikoboa, tuliianika, tuliipeleka chama cha msingi cha ushirika, ikaenda mnadani, ikaondoka nchini. Sisi tukachemsha chai.

Alinyamaza, akamwambia binti yake neno, binti akanigeuzia: "Mama anauliza, mnalima ninyi, halafu nani anakunywa?"

Nimekaa kwenye semina za kahawa hapa Moshi, mji wenye Bodi ya Kahawa na mnada wake. Nimesikia wataalamu wakieleza kwa michoro kwamba Ethiopia inakunywa yenyewe karibu nusu ya kahawa yake na sisi tunauza nje sehemu kubwa mno. Niliyasikia yakapita. Swali la yule mama halijapita. Nilirudi nyumbani nikanunua kikaango, na leo kwangu kahawa inakaangwa. Mnaona nguvu ya mtu wa kawaida? Hakuniambia habari za nchi yake. Aliniuliza habari za kwangu, nikashindwa kuzijibu.

Sasa nataka kusema jambo ambalo linawahusu moja kwa moja kikazi, na nalisema kwa upendo. Kule Addis nilikodi mwongozaji. Alikuwa kijana hodari, ana kitambulisho chake, na historia imemkaa kichwani: Malkia Taytu na kuanzishwa kwa mji mwaka 1886, Menelik, ushindi wa Adwa dhidi ya Waitalia mwaka 1896. Nilimsikiliza kwa heshima yote. Tukaingia Merkato, soko ambalo mtu wa Mbuyuni akiingia anahitaji kwanza kusimama kando avute pumzi. Kuna mama kakaa nyuma ya mlima wa pilipili nyekundu iliyosagwa na viungo, berbere, wanayoungia mchuzi. Nikataka kujua anachanganya nini. Nikamwuliza mama. Mwongozaji akajibu. Nikamwuliza mama ameuza hapo muda gani. Mwongozaji akajibu, "hawa wako hapa miaka mingi." Yule mama ananitazama, mimi namtazama, na kati yetu amesimama mtu anayejua kila kitu.

Nilifikiria Moshi palepale. Mgeni anamwuliza mama wa ndizi pale sokoni, kuna tofauti gani kati ya hii na hii? Mama anafungua mdomo, na kijana mwenye fulana ya kampuni ameshajibu: hii ya kupika, hii ya kula mbivu, twende. Lakini yule mama anajua kwamba mshare huu umetoka Kibosho na ule umetoka Rombo, anajua upi unafaa mtori wa mzazi na upi utakaa siku nne bila kuiva, na angeweza kumwambia mgeni, wewe una watoto wangapi, huko kwenu mnapika nini. Hayo ndiyo mazungumzo ambayo yule mgeni atayasimulia miaka yake yote. Kazi ya mwongozaji hapo ni kufasiri neno kwa neno, swali kwa jibu, na kisha kunyamaza. Kunyamaza ni kazi ngumu. Inahitaji mtu ambaye ameshawahi kusimama upande ule mwingine, akihitaji kusikia sauti ya mwenye pilipili.

Safari zangu zilizokuwa na maana zaidi kule zilikuwa zile za bila mwongozaji. Kupanda basi dogo la buluu na nyeupe, konda kaning'inia mlangoni anaita "Piassa! Piassa! Piassa!" kwa sauti ile ile ya stendi yetu. Kuona abiria wanavyosema "woraj ale" wanapotaka kushuka, nami nikasema hivyo hivyo, na basi likasimama. Furaha ya jambo dogo namna hiyo haielezeki. Kula injera, mkate wao mpana na laini, kwenye sinia moja na watu nisiowajua, na dada wa pembeni yangu akakunja tonge, akachovya, akaniletea mpaka mdomoni. Wanaita gursha. Unafungua mdomo unapokea. Mtu wa kwetu anayejua maana ya kulishana hahitaji maelezo.

Lakini si kila mkutano ulikuwa mtamu, na sitaki mwondoke hapa mkidhani nawahubiria utalii wa kahawa na bisi.

Karibu kila barabara ya Addis utakuta vijana wa kupiga kiwi. Wana kiboksi, brashi, kopo la maji ya sabuni. Wanaosha kiatu kwanza ndipo wanapaka rangi, na wakigonga boksi kwa brashi ujue ubadilishe mguu. Wengi wametoka mikoani kutafuta maisha. Nilikaa kwa mmoja, kijana wa umri wenu hasa. Akaniuliza natoka wapi. Nikasema Tanzania.

Brashi ikasimama. Akainua uso, akasema kwa Kiswahili: "Maji. Kaa chini. Twende. Chakula hakuna."

Nilimwuliza amejifunzia wapi. Kwa Kiingereza chake kidogo, na mikono, akanieleza. Kwao ni karibu na Hosaena, kusini. Kaka yake mkubwa aliondoka kwenda Afrika Kusini, njia ile wanayoipita wengi wa kwao: Moyale, Kenya, Tanzania, na kuendelea. Hakufika. Alikamatwa kwetu, akakaa gerezani, akarudishwa. Hayo maneno ndiyo mzigo aliorudi nao. Mdogo wake ameyakariri.

Ninyi mnasoma habari. Mnajua picha zile: vijana wamekalishwa chini, wameinamisha vichwa, na juu imeandikwa wahamiaji haramu wakamatwa Kilimanjaro. Wakati mwingine wamekutwa ndani ya lori, mahali ambapo hewa ni shida. Tunasoma, tunasema "Wahabeshi tena," tunafungua ukurasa wa michezo. Yule kijana aliniuliza: "Watu wa kwenu wanatuonaje?" Nilimwambia ukweli. Nilimwambia wengi hatuwaoni kabisa, tunaona picha. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea na kiatu cha pili, akakimaliza kwa ufundi ule ule wa cha kwanza. Nilimlipa bei yake, akapokea, tukaagana kwa bega.

Mimi sisemi sheria za mipaka zisifuatwe. Nasema hivi: katika mji huu tumezoea kwamba mgeni ni yule mwenye buti za dola mia tatu na mkoba wenye bomba la maji. Yule aliyekutwa ndani ya lori pale Himo naye yuko mji wa ugenini, naye hajui lugha, naye anamtegemea mtu wa kawaida asiyelipwa kumpokea. Kama tunataka kuitwa watu wakarimu, na jina hilo tunalipenda sana na tunaliandika kwenye vipeperushi, basi ukarimu hauwezi kuanzia na kuishia kwa mwenye viza. Hata aliye chini ya ulinzi anaweza kupewa kikombe cha maji na mtu anayemwangalia usoni. Naomba mlikumbuke mkiwa na sare zenu, kwa sababu mtakuwa barabarani kila siku na mtaviona vitu ambavyo sisi wa ndani hatuvioni.

Na picha, kwa kuwa nimezitaja. Juu ya Addis kuna mlima wa Entoto, umejaa mikaratusi. Niliwakuta wanawake wanashuka na kuni mgongoni, mzigo mrefu kuliko kimo cha aliyeubeba, amejikunja hata uso unatazama ardhi. Gari la watalii likasimama, vioo vikashuka, simu zikatoka, gari likaondoka. Hakuna aliyesema hata selam. Nilikasirika, na hasira ile sijaimaliza, kwa sababu nimeiona hapa hapa kwetu. Mama wa Kibosho anapandisha majani ya ng'ombe kutoka bondeni, shingo imekakamaa, na mtu anampiga picha mgongoni kana kwamba ni mti. Yule wa Entoto nilimwona ameegemeza mzigo kwenye ukuta wa mawe anapumzika. Nikamsalimia, nikasimama naye. Alipokuwa tayari alinionyesha kwa mkono nishike upande mmoja, tukauinua pamoja, akaukaza kamba kifuani, akaniombea kitu kwa lugha yake, akaenda. Kuni zile ni nzito, wanangu. Kiganja changu kililijua hilo, na hakuna kamera ingeniambia.

Kwa hiyo mkiwa na mgeni anayetaka picha, mzuieni kwa adabu. Mwambieni kwanza tunasalimia. Mwambieni jina la mama, na mwambieni mama jina la mgeni. Mama akikubali, piga. Akikataa, tumekwisha kusalimiana, na hilo tayari ni jambo. Kuhusu pesa sitasema mengi: mwenye kitu cha kuuza alipwe bei yake, mgeni asifundishwe kumpunja mama wa ndizi shilingi mia tano halafu jioni akaacha bakshishi kubwa hotelini.

Kuna kingine kinachoniuma kuhusu majina. Duniani kote vitabu vinasema Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kilimanjaro mwaka 1889. Marangu wanamkumbuka Yohani Kinyala Lauwo, mtu wa pale, aliyewaonyesha njia. Jina lake lilichukua muda mrefu sana kuingia kwenye maandishi ya watu wengine. Leo, kwenye kila safari ya mlima huu, wapo wagumu wanaobeba hema, gesi, mayai na meza, na wanafika kambini kabla ya mgeni ili akute chai. Muulize mgeni akishuka Mweka anataja majina mangapi. Mwenye kuweza kulibadilisha hilo ni wewe mwongozaji, siku ya kwanza, pale getini, kabla mzigo haujapimwa: huyu ni fulani, kwao ni Mwika, ana mtoto wa darasa la pili, anaimba vizuri. Dakika kumi. Mgeni atapanda mlima mwingine kabisa.

Sasa ombi langu, na nalielekeza kwa walimu na kwa wakubwa wa kampuni waliokaa mbele.

Hawa vijana wana safari ya mafunzo, wanapelekwa hifadhini, wanajifunza ndege na nyayo. Endeleeni nayo. Lakini ongezeni nyingine. Wapelekeni mji wa ugenini. Addis ikishindikana kwa gharama, Nairobi ipo, Kampala ipo, Kigali na Bujumbura kuna basi. Wawili wawili, wasiwe kundi la arobaini lenye fulana zinazofanana. Bila mwongozaji. Wapewe nauli na pesa ya chakula, watafute wenyewe daladala za huko, walale nyumba ya wageni ya kawaida, wale kwa mama lishe wa huko, waulize njia, wapotee kidogo, waokolewe na mtu wasiyemjua. Wakirudi, mtihani wao usiwaulize majengo waliyoyaona wala urefu wa mnara. Uwaulize: ulikutana na nani? Anafanya kazi gani? Alikuuliza nini kuhusu kwenu? Ulimjibuje?

Na ninyi mnaohitimu mwezi ujao, msingoje chuo kiwapange. Mshahara wa kwanza mtanunua simu, najua, na mna haki. Wa pili au wa tatu, tengeni kitu. Pasipoti ya Afrika Mashariki mnaweza kuipata. Nendeni mkakae kwenye kibao cha mtu msiyemjua mpaka kikombe cha tatu.

Mwaka huu nimeanza kubadilisha matembezi yangu mwenyewe huko Materuni. Tulikuwa na onyesho la kutwanga kahawa kwa nyimbo, wageni wanacheza, wanapiga picha, gari linaondoka. Nyimbo zipo bado, tunazipenda. Lakini sasa baada ya nyimbo tunakaa. Mzee mwenye kihamba anakaa, mke wake anakaa, mgeni anakaa, mimi nafasiri na kufunga mdomo wangu. Kampuni mbili zimelalamika kwamba ratiba inachelewa kwa saa nzima. Nimewajibu kwamba saa hiyo ndiyo wageni wamekuja kuitafuta, wao hawajui tu kuiomba. Yeyote kati yenu anayetaka kuja kujifunza namna tunavyofanya, Jumamosi asubuhi nipo njia panda ya kupandia Uru. Njoeni na viatu vya kutembelea.

Asanteni kwa kunisikiliza. Nadhani tuna muda wa maswali, na naomba tuanze na dada zetu waliokaa nyuma kule, maana hawajapewa nafasi tangu asubuhi.